Hausigeli Yuko Upande Gani wa Mstari?

Ndugu msomaji, leo nimekuja na ugomvi, na nakuomba usikimbie kwa sababu tu una tarakimu ndani yake.

Juni 2025 Benki ya Dunia ilibadilisha mstari wake wa ufukara. Mstari uliokuwa dola 2.15 kwa mtu kwa siku ukapandishwa kuwa dola 3.00. Hesabu za mwaka uleule mmoja, 2022, zikarudiwa kwa mstari mpya, na mafukara wa dunia waliokuwa milioni 713 wakawa milioni 838. Haya, tuambizane: watu milioni 125 walilala wana afadhali, wakaamka mafukara, na hakuna mwizi aliyeingia ndani usiku. Kalamu tu.

Nilipolisema hili kijiweni, mshkaji wangu mmoja ambaye naye ni mwandishi (ana madaftari matatu ya mashairi na hajachapishwa hata moja, kama ambavyo riwaya yangu nayo iko kabatini) alicheka mpaka akamwaga kahawa. "Si unaona?" akasema. "Takwimu ni porojo za wakubwa. Sisi wasanii kazi yetu moja, kuandika machozi ya mnyonge." Kijiwe kizima kikaitikia. Mimi sikuitikia, na ndiyo sababu ya makala hii.

Hao wakubwa na tarakimu zao nina kesi nao, nitaifikia. Lakini nina kesi na ninyi pia, waandishi wenzangu, mnaofikiri kwamba ukishasema "takwimu ni uongo" umeshamtetea mnyonge. Mnyonge asiyehesabiwa hapati kitu. Shule ikijengwa, dawa ikigawiwa, jina likiandikwa kwenye orodha ya kaya maskini za TASAF, kuna mtu alihesabu kwanza. Aliyeachwa nje ya hesabu sijawahi kuona ameokolewa na shairi. Kwa hiyo tusipoteze muda kubishana kama watu wahesabiwe au wasihesabiwe. Tuulizane aliyeulizwa maswali ni nani, na nani alikuwa amesimama kando na beseni la vyombo wakati mwenzake anajibu kwa niaba yake.

Kwanza tuujue mstari wenyewe, maana watu wanautaja kama vile uliteremka na mvua.

Mwaka 1899 kijana wa familia ya watengeneza chokoleti, Seebohm Rowntree, alifanya utafiti wa nyumba kwa nyumba katika mji wa York, Uingereza. Akapiga hesabu ya chakula, kodi, nguo na makaa ya kuotea moto, akasema baba, mama na watoto watatu hawawezi kuishi chini ya shilingi 21 na peni 8 kwa wiki. Ndani ya hesabu hiyo hakuweka nauli ya basi, wala gazeti, wala stempu ya kumwandikia barua mtoto aliye mbali, wala tumbaku ya mzee. Ubahili mtupu, na yeye mwenyewe alijua. Aliufanya makusudi ili matajiri wasipate mdomo wa kusema hawa ni wafujaji tu. Na hata kwa ubahili huo, karibu mtu 1 katika kila 10 wa mji ule alikuwa chini ya mstari. Aliporudia utafiti wake mwaka 1936 aliingiza gazeti, redio na hata bia. Umeona mambo hayo? Mtu yuleyule, mji uleule, ila maoni yake kuhusu binadamu anastahili nini yalikuwa yamekua.

Mstari wa dunia nao ulizaliwa hivyohivyo, kwa maoni. Mwaka 1990 Benki ya Dunia ilitazama mistari ambayo nchi maskini zilikuwa zimejiwekea, ikapata kitu kama dola moja kwa siku. Mwaka 2008 ikawa 1.25, mwaka 2015 ikawa 1.90, mwaka 2022 ikawa 2.15, na sasa 3.00. Na dola hiyo si ile ya duka la kubadilishia fedha. Ni dola ya kulinganisha bei, yaani kiasi cha shilingi kitakachokununulia hapa kile ambacho dola moja ingenunua kule Marekani. Ule mstari wa 2008 ulikuwa wastani wa mistari ya nchi 15 maskini kabisa, na humo ilimo Tanzania pamoja na Uganda, Rwanda, Malawi, Msumbiji na nyingine. Kwa hiyo wale wanaopenda kusema "hesabu za wazungu" wakae wajue: vazi hilo limeshonwa kwa viraka, na kiraka kimojawapo kilitoka kwetu.

Na kiraka chetu kikoje? Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017/18 uliweka mahitaji ya msingi ya mtu mzima kuwa sh. 49,320 kwa mwezi, na chakula peke yake sh. 33,748. Gawanya kwa siku 30. Unapata sh. 1,644 kwa siku ya kula, kuvaa, kulala, kuoga kwa sabuni na kuwasha taa. Chini ya hapo walikutwa watu 26.4 katika kila 100, na wakubwa wakapiga makofi kwa sababu mwaka 2011/12 walikuwa 28.2. Sasa chukua majibu ya kaya zilezile, upime kwa dola 1.90 iliyokuwa ikitumika wakati ule: karibu nusu ya nchi ni mafukara. Sababu mojawapo ni kwamba sisi tunamhesabu mtoto kuwa kipande cha mtu mzima, na wao kila kichwa ni kichwa. Nani ana haki hapo? Mimi sina digrii ya uchumi, nimeishia kidato cha nne, lakini najua mtoto wa miaka 14 anakula ugali kuliko mimi.

(Niseme kidogo tu kuhusu pwani yetu. Katika fiqhi ya madhehebu ya Shafi, fakiri na maskini ni watu wawili tofauti. Mwenye haja ya 10 akawa na 2 au 3 ni fakiri. Akiwa na 7 au 8 ni maskini. Hesabu inaanzia kwenye haja ya mtu mwenyewe na wanaomtegemea. Kipimo hicho kilikuwapo karne nyingi kabla ya huyo bwana wa chokoleti.)

Lakini utamu wa mambo uko kwenye fomu. Mwaka 2007 na 2008 watafiti wakiwamo Kathleen Beegle na Joachim De Weerdt walifanya jaribio hapahapa Tanzania ambalo kila mwandishi angepaswa kulijua. Walichukua kaya zipatazo 4,000, wakazigawa kwa bahati nasibu katika mafungu 8, na kila fungu wakalipima ulaji wake kwa njia tofauti. Hawa wakaulizwa wamekula nini siku 7 zilizopita, wale siku 14. Hawa wakasomewa orodha ndefu ya vyakula, wale fupi. Wengine wakapewa daftari la kaya waandike wenyewe kila kinacholiwa. Na fungu moja likatendewa makubwa: kila mtu mzima akapewa daftari lake peke yake.

Kwa kuwa mafungu yaligawanywa bila kuchagua, majibu yangepaswa kufanana. Wapi! Kwa njia moja ya kuuliza, wenye njaa walikuwa 19 katika kila 100. Kwa njia nyingine walikuwa 68 katika kila 100. Nchi moja, watu wa namna moja. Siku nyingine ukisikia kwenye redio kwamba njaa imepungua kwa nukta kadhaa, uliza kwanza fomu yao ilikuwa ya siku ngapi.

Ukitulia utaelewa kwa nini daftari la mtu mmoja mmoja ni kitu kingine kabisa. Mama akiulizwa kaya yake imekula nini, atataja cha chungu chake. Hazijui chapati mbili za stendi, haijui chipsi yai ya mwanawe, na haijui siku ambayo kijana huyohuyo alizunguka Kariakoo tangu asubuhi hadi jioni kwa maji ya kunywa na ndizi moja. Sisi vijana wa mjini tunakula nje ya chungu na tunalala njaa nje ya chungu. Kosa linakwenda pande zote mbili: wengine tunaonekana mafukara kuliko tulivyo, wengine tunaonekana tumeshiba na kumbe tumefunga bila nia.

Hapo sasa ndipo kesi yangu ilipo, ndugu msomaji. Neno lenyewe ni *kaya*. Kaya ni wanaolala pamoja na kula chungu kimoja. Kipimo kinajumlisha vyote vilivyoingia kwenye chungu, kinagawanya kwa idadi ya watu, kisha kinasema kila mmoja amepata fungu hilo. Aliyebuni hesabu hii nadhani hakuwahi kuwa mtu wa mwisho kupakua.

Jirani yetu mmoja huku Mabibo alitembelewa na mdadisi. Mimi nilikuwa palepale sebuleni, nimeitwa kurekebisha antena. Mdadisi alikuwa kijana mpole, ana adabu zake. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, karibu." Akauliza humu wanalala na kula wangapi. Mama akahesabu kwa vidole: yeye, mzee, watoto wanne. Akanyamaza. Mdadisi akatupa jicho jikoni, ambako binti mmoja alikuwa amechuchumaa anasugua sufuria.

"Na huyu, mama?"

"Aa, huyu ni kama mwanangu tu. Andika saba."

Akaandika saba. Binti hakuinua kichwa. Ikaja mchele kilo ngapi, nyama kilo ngapi, mafuta lita ngapi, na mama akajibu yote, tena kwa kuongeza, maana mgeni akikuuliza umekula nini huwezi kumwambia matembele siku tatu mfululizo. Mambo yakaisha, soda ikaletwa, na aliyeileta ni yule aliye kama mwana.

Tuseme (nasema tuseme, maana fomu sikuichungulia) nyumba ile inatumia sh. 1,050,000 kwa mwezi. Gawanya kwa 7, kila mmoja sh. 150,000. Mstari wetu ulikuwa sh. 49,320. Basi huyo binti ameuruka mstari mara tatu! Kwa mujibu wa kitabu, yeye na mzee mwenye nyumba wana hali moja. Paja la kuku alilokula mzee na ukoko aliokwangua yeye saa nne usiku vimejumlishwa pamoja, vikagawanywa sawa kwa sawa. Kodi ya chumba chenye kitanda cha tano kwa sita na ile ya pembe ya jiko penye mkeka, sawa kwa sawa. Hata king'amuzi ambacho haruhusiwi kukishika amegawiwa sehemu yake.

Najua atatokea mtu aseme: lakini anakula bure na kulala bure, tena huko kwao hali ni mbaya zaidi. Inawezekana kabisa. Mimi sikatai. Ninachosema ni kwamba fomu haikulipima hilo, ililikisia. Na kama tunataka kuzungumza mshahara, tuzungumze. Amri ya mshahara ya mwaka 2013, iliyokuwa ikitumika wakati utafiti ule wa 2017/18 unafanyika, iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida kuwa sh. 40,000 kwa mwezi. Weka kando ya sh. 49,320. Mshahara wa halali, ukilipwa wote na kwa wakati, ulikuwa haufiki kwenye mstari. Ndiyo maana ilikuwa lazima agawiwe kuku wa mzee kwenye karatasi.

Wapo wasomi walioona kwamba kupima kwa fedha peke yake hakutoshi. Mwaka 2010 watu wa Chuo Kikuu cha Oxford na shirika la UNDP walileta kipimo kingine, chenye viashiria 10 vya afya, elimu na hali ya maisha: maji, choo, umeme, sakafu, na kadhalika. Hatua nzuri, nawapa heko. Lakini chungu kimebaki kilekile. Katika kiashiria cha miaka ya shule, kaya inahesabiwa imenusurika akipatikana mtu mmoja tu humo ndani aliyemaliza miaka 6 ya shule. Baba mwenye nyumba ana digrii. Basi hausigeli aliyetolewa shuleni darasa la tatu naye, kwa kitabu, hana shida ya elimu.

Na msidhani namsingizia mtu. Martin Ravallion, mwanauchumi aliyeuzaa ule mstari wa dola moja kwa siku, ndiye huyohuyo aliyekuja kuubomoa ukuta wa nyumba aliyoijenga. Mwaka 2017, miaka mitano kabla hajafariki, yeye na Caitlin Brown na Dominique van de Walle walitoa utafiti wa nchi 30 za Afrika kusini mwa Sahara. Walikuta kwamba kama robo tatu ya wanawake wenye uzito pungufu na watoto wenye utapiamlo hawamo katika asilimia 20 ya kaya zilizo maskini kuliko zote. Robo tatu! Yaani unakwenda na orodha yako safi ya kaya maskini, unagawa unga na fedha, unarudi ofisini umeridhika, na watatu kati ya wanne uliowafuata walikuwa mlango mwingine. Sababu ziko nyingi, maradhi na maji machafu yamo, lakini mlango mmojawapo ni ule ambao mama alisema andika saba.

Wasio na chungu kabisa nitawagusa tu. Anayelala kwenye baraza za maduka, mtoto anayeshinda jalalani, mfungwa, wote hawa tafiti za kaya zinawapita, maana mdadisi amepewa namba ya nyumba na wao nyumba hawana. Ukiitafuta tarakimu yao ndani ya zile milioni 838, hawamo. Hilo peke yake lingetosha makala nzima.

Sasa narudi kwenu, mabingwa wa machozi.

Tazameni hadithi mnazoandika. Hausigeli yumo tele. Ni mshamba asiyejua kuwasha jiko la gesi, watu wacheke. Au ni mwizi wa kanga. Au anatumwa na mganga. Au ndiye aliyemnasa baba mwenye nyumba, na mama akirudi safari ngumi zinaanza. Mmempa hata jina la mpira, beki tatu. Lakini ni lini mmeandika sura nzima ambamo ana njaa? Njaa ya kawaida tu, ya saa tisa mchana, mkono umeshika upawa, anawapakulia wengine wali wenye harufu ya nazi? Hamjaandika. Ufukara mnauweka kijijini, mnaupa nyumba ya udongo na kikohozi, mhusika anapanda basi, na akishuka stendi ya mjini ufukara wake umebaki kwenye buti la basi na yale magunia. Kinachofuata ni mapenzi.

Halafu ninyi ndio wa kumcheka mdadisi! Mdadisi wa watu ana saa mbili, ana fomu ya kurasa nyingi, na ana bosi anayesubiri. Ameambiwa amuulize mkuu wa kaya, akamuuliza. Ninyi hamna bosi wala fomu. Mnaruhusiwa kuingia jikoni usiku wa manane, kulala juu ya ule mkeka na kusikia tumbo linasema nini. Mnabaki sebuleni kwa mama, mnakunywa soda.

Wakubwa wa takwimu nao nawaambia, maana nilisema nina kesi nao. Utafiti unaofuata ukija, wekeni kipande cha pili cha fomu, cha mtu mmoja mmoja. Najua daftari la kila mtu ni ghali, na ndiyo maana watu wanakimbilia njia za mkato. Basi lifanyike hata katika kaya moja kati ya kumi. Binti aulizwe peke yake, bombani au gengeni, mama akiwa mbali, na anayeuliza awe mwanamke mwenzake. Jana ulikula nini? Baada ya nani? Mshahara wa mwezi uliopita uko mkononi mwako au "nimekuwekea"? Ukiumwa homa unalala au unafua? Ukitaka kupiga simu kwenu unaomba kwa nani? Maswali matano, dakika kumi.

Na wewe mshairi wa kijiweni, mshkaji wangu wa kahawa: najua nyumbani kwenu yuko dada wa kazi, kwa sababu juzi alinifungulia geti. Ana miaka mitatu hapo kwenu. Nilikuuliza jina la baba yake, ukaniambia ngoja nimuulize mama.